Nguo ya Kumi na Tisa

Dou Jingshu alizikusanya pindo za gauni lake, akazifunga kiunoni, akapanda ngazi hadi juu ya paa la jiko la dawa mbele ya askari ishirini ambao hawakujua wayapeleke wapi macho yao.

"Bi Dou, shuka jamani," Kamanda Niu alimsihi kutoka chini. "Ukianguka watasema nimekusukuma."

"Shika ngazi, acha maneno. Na utazame ukuta."

"Nautazama."

"Ukuta uko nyuma yako, Niu."

Askari wakacheka. Niu, mtu mnene mwenye masharubu ya kambare, akageuka huku masikio yamemwiva.

Dou alikuwa na miaka arobaini na sita. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa Msimamizi wa Nidhamu wa ua wa ndani, na kila kilichopotea, kilichovunjika au kilichogombaniwa nyuma ya kuta nyekundu za jumba la Nanlu kiliishia mezani pake. Alikwisha kufuatilia hereni, barua za mapenzi, na mara moja bata wa karamu aliyetoweka akiwa ameshaokwa. Leo alikuwa amepewa ufalme mzima, na muda wa kuufuatilia ulikuwa mpaka saa sita mchana.

Mfalme mzee alikuwa amelazwa ukumbini, jeneza liko tayari kando yake. Kwa maelezo ya Waziri Luo, siku ya saba ya mwezi, saa sita mchana, mfalme aliketi kitandani mbele ya mashahidi watano akatamka kwamba kiti kiende kwa mwanawe mdogo, Anrui. Jioni ile ile akakata roho. Mwanawe mkubwa, Chengwu, alizipata habari akiwa kwenye kambi za mtoni, akaja mbio na askari elfu tatu, na tangu jana jioni alikuwa nje ya lango la kusini akisema wosia ule umeghushiwa. Wazee wa baraza waliwazuia ndugu hawa wawili kwa sharti moja: kabla mfuniko wa jeneza haujapigiliwa misumari, siku hii ya tisa, Dou Jingshu atasema kama wosia ni wa kweli. Ukiwa wa kweli, Chengwu ni mwasi. Ukiwa wa uongo, mwasi ni Anrui, na mwasi wa damu ya kifalme huletewa kamba ya hariri nyeupe juu ya sinia. Pande zote mbili zilimkubali Dou kwa sababu moja tu: hakuna aliyewahi kufaulu kumhonga hata kibanio cha nywele.

"Waziri anasema muuaji alipitia hapo," Niu aliuambia ukuta. "Mtu wa Chengwu. Usiku wa kuamkia siku ya saba akapanda, akatia sumu kwenye dawa, akatokomea. Mfalme akajikaza mpaka mchana, akasema neno lake, akazimika."

"Nimechovya sindano ya fedha kwenye makapi yote ya dawa. Imetoka safi kama ilivyoingia."

"Sumu za siku hizi zina akili, Bi Dou."

"Kuliko baadhi yetu."

Dou alichuchumaa. Paa lilikuwa la vigae vya kijivu, vimeota kuvumwani, ule uoto laini wa kijani, kama manyoya. Kigae cha kwanza kilichopasuka kilikuwa pembeni, upande wa mashariki, juu ya banda la kuni. Kutoka hapo nyayo zilipanda moja kwa moja hadi kilele cha paa, hatua saba, kila hatua imeichubua kuvumwani. Kileleni palikuwa na vigae viwili vilivyodidimia bega kwa bega, vyenye alama za kina kuliko zote. Mtu alisimama pale kwa muda, miguu imefungana, ncha za vidole zikielekea kaskazini. Baada ya hapo nyayo hazikurudi zilikotoka. Ziliteremka upande wa pili hadi kona ya kaskazini-magharibi, na hapo zikaishia hewani.

Aliinua kigae kimoja, kisha cha pili. Masizi ya chini yake yalikuwa hayajaguswa. Hakuna aliyefungua tundu la kutilia sumu.

"Niu. Wewe ni mwizi. Umepandia hapa kwenye banda la kuni, kazi imekwisha. Unashukia wapi?"

"Hapohapo. Banda ni kama ngazi."

"Si kona ile?"

Niu alisahau adabu, akageuka kutazama. "Kona ile? Chini yake kuna pipa la makapi, na kimo ni mara mbili ya huku. Mwizi gani huyo, ana kisirani?"

"Mvua ya siku ile ilikatika saa ngapi?"

"Siku ya saba? Ilinyesha usiku kucha. Ilikatika kabla hakujapambazuka. Walinzi wangu walikuwa wameloa kama vifaranga. Halafu jua likawaka, mchana kila kitu kikavu. Haijanyesha tena."

Dou alipitisha kidole kwenye alama ya unyayo. Kuvumwani ilikuwa imeteleza vipande vipande, kama inavyoteleza ikiwa imelowa, kisha ikakauka vilevile na kingo zake kali. Mvua ingekuja baadaye, ingezilainisha kingo zile. Jua lingetangulia, kuvumwani isingeteleza, ingesagika. Basi mtu huyu alipanda baada ya mvua na kabla ya jua. Alfajiri ya siku ya saba.

Alisimama juu ya vigae viwili vilivyodidimia, akaelekea kaskazini, na askari waliokuwa chini wakanyamaza ghafla. Hakuna mtu Nanlu asiyeijua namna ile ya kusimama. Mtu akikata roho, mwitaji huchukua nguo yake, hupanda paa kwa upande wa mashariki, husimama kileleni akielekea kaskazini, huipunga nguo na kumwita marehemu mara tatu, ili roho ikisikia irudi. Kisha hushukia kona ya kaskazini-magharibi. Towashi Hou, mwitaji wa jumba, alifanya hivyo juu ya ukumbi mkuu jioni ya siku ya saba, jumba zima likimtazama na kulia.

Lakini mtu mwingine alikuwa ameshafanya hivyo kutwa nzima kabla yake, juu ya paa la jiko, mahali ambapo walinzi wa mbele wasingemwona.

"Umeona nini huko?" Niu aliuliza.

"Vigae vimevunjika."

"Hilo hata mimi nililiona."

"Basi tuko sawa. Shika ngazi."

*

Shangazi Pan alikuwa mchemshaji wa dawa wa jiko lile kwa miaka ishirini, na kwa miaka yote hiyo alilala kando ya tanuri lake kama paka. Dou alimkuta akipepea makaa.

"Waziri alituma mtu akaniambia nilisikia mwizi," Pan alisema kabla hajaulizwa.

"Na wewe ulisikia nini?"

"Mwizi."

"Shangazi."

"Nilisikia mwizi, Bi Dou. Yule mtu alirudia mara mbili ili nisisahau."

Dou alivuta kigoda akakaa. "Kabla hajaja kukuambia ulichosikia, ulisikia nini?"

Pan aliacha kupepea. Aliangalia mlango. "Nilifikiri ni paka. Juu ya paa, tap, tap. Nikasema huyu paka amenenepa. Nikachukua ufagio."

"Kisha?"

"Kisha paka akasema."

"Akasema nini?"

"Wewe utaniona nina wazimu."

"Nimeshamtafuta bata aliyeokwa jumba zima. Nani nimwone ana wazimu?"

Pan akacheka, halafu kicheko kikamkauka mdomoni. "Alisema, 'Baba, rudi.' Kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha watoto. 'Baba, rudi.' Mara tatu. Mimi nikasema, huyu ni mlinzi mlevi, amemkumbuka baba yake, maskini. Nikarudisha ufagio." Akapangusa pua kwa mkono. "Sauti ile, Bi Dou, haikuwa ya kufukuzwa kwa ufagio."

"Una hakika alisema baba? Hakutaja jina?"

"Jina gani? Baba. Kama ninavyokwambia."

Dou alikitazama chungu kikitokota. Towashi Hou, jioni ile, aliliita jina la mfalme, lile la kuzaliwa, kwa sauti iliyofika sokoni. Ndivyo anavyofanya mwitaji. Jina ndilo linaloivuta roho. Ni mtu wa aina moja tu asiyeweza kulitoa jina lile kinywani mwake hata roho iwe inaondoka, kwa kuwa tangu ajifunze kusema alifundishwa asilitamke: mtoto wa marehemu.

Mfalme alikuwa na watoto wawili. Alfajiri ya siku ya saba mmoja wao alikuwa mtoni, safari ya nusu siku kwa farasi.

*

Bi Qiu, mtunza mavazi, alikuwa amezitandaza nguo za maziko juu ya mikeka. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na mikono isiyotulia. Dou alimwinamia kwanza, kwa sababu ya umri, kisha akaanza kuhesabu kwa macho.

"Ni kumi na tisa, mwanangu," Bi Qiu alisema. "Hizo ndizo atakazovikwa. Huna haja ya kuhesabu."

"Mfalme alizichagua mwenyewe?"

"Mwaka juzi, alipoanza kukohoa damu. Kila moja niliifungia kitambaa cha jina."

"Hii haina kitambaa." Dou aliinua joho la zambarau lililokuwa mwishoni. Nyuzi za kupigia bandi, za kushikiza kwa muda tu, zilikuwa bado hazijatolewa, nyeupe kwenye mshono. "Na imeshonwa juzi."

"Moja iliharibika. Nondo."

"Ipi?"

Mikono ya Bi Qiu ikajificha ndani ya mikono ya gauni lake. "Koti la buluu."

Koti lile kila mtu wa ua wa ndani alilijua. Lilikuwa koti zee la pamba alilolivaa mfalme kabla hajawa mfalme, mwaka mto ulipovunja kingo. Pindo lake lilikuwa limechanika na kushonwa kwa uzi mwekundu kwa sababu siku ile hapakuwa na uzi mwingine.

"Nondo," Dou alirudia. "Koti ambalo mfalme aliliomba kwa kinywa chake, na wewe ulilitia majani ya kafuri kila mwezi."

"Nondo hawasomi amri, Bi Dou."

"Nionyeshe matundu."

Bi Qiu aliinamisha macho kwenye mikeka.

"Mama Qiu, nisaidie kufikiri. Mtu ana nguo asiyotaka ionekane. Kuna jeneza linafungwa leo na halitafunguliwa mpaka dunia iishe. Angeikunja tu nguo yake humo, katikati ya nyingine kumi na nane, na hakuna ambaye angejua kamwe. Wewe umekesha siku mbili kushona nyingine badala yake." Dou aliongea polepole, bila kupandisha sauti. "Umemnyima marehemu nguo aliyoiomba. Sababu ya kufanya hivyo ni moja tu ninayoijua."

Bi Qiu aliketi juu ya sanduku. Machozi yalianza kumtoka kabla uso haujabadilika.

"Nguo iliyoitia roho haizikwi," alisema. "Ikizikwa, ndiyo umemwambia aende. Ningefanyaje? Nimvike? Miaka thelathini nimemvisha, nimtendee hivyo siku ya mwisho?"

"Uliipata wapi?"

"Miguuni pa kitanda, asubuhi ile. Imekunjwa vibaya, kama wanavyokunja wanaume. Imelowa, ina kuvumwani kwenye pindo. Na yeye amelala, amefunikwa mpaka kidevuni, Waziri anaingia na kutoka anasema mfalme amepumzika msimpigie kelele." Alimshika Dou mkono. "Mimi ndiye niliyemlea Anrui baada ya mama yake kufa. Nilijua ni nani. Nikasema nikinyamaza, atapona."

"Liko wapi?"

Bi Qiu aliinuka, akafungua sanduku alilokuwa amelikalia.

*

Waziri Luo alimsubiri kwenye ukumbi wa nguzo, peke yake, mikono nyuma. Alikuwa kaka wa malkia marehemu, mjomba wa Anrui, mtu nadhifu ambaye hata nguo yake ya katani ya msiba ilikuwa imepigwa pasi. Macho yake yalikwenda kwenye furushi lililokuwa kwapani mwa Dou, yakakaa hapo.

"Umepata nyayo za muuaji, Bi Msimamizi?"

"Nimepata nyayo, Bwana Waziri."

"Huhitaji zaidi. Sema hivyo langoni. Baraza litaamini, milango itabaki imefungwa, na yule mla-farasi atarudi mtoni kwake."

"Mfalme alikufa saa ngapi?"

Luo alipiga hatua moja kumkaribia. "Mimi na wewe tumeona wafalme wakibadilishwa," alisema. "Unajua mkubwa akiingia mdogo huenda wapi. Nilimshika yule mtoto mkononi siku aliyozaliwa. Niite mghushi ukipenda. Lakini leo, kabla ya chakula cha mchana, kitakachomuua ni kinywa chako, si changu."

"Na kama Anrui angekaa kitini, nani angekaa nyuma ya pazia akimwambia la kusema?"

Waziri alitabasamu kidogo, kama mtu aliyeguswa kidonda na kuona haya kupiga kelele.

"Mtu lazima akae mahali fulani," alisema.

Dou akampita.

*

Mtuhumiwa husikia kwanza. Ndivyo Dou alivyofanya kazi kwa wezi wa hereni, na hakuona sababu ya kubadilisha kwa mtoto wa mfalme.

Kibanda cha msiba, ambamo mwana wa marehemu hukaa mpaka maziko, kilikuwa kimeegemezwa ukutani kando ya ukumbi, cha miti na nyasi, mlango wake mfupi. Anrui alikaa ndani juu ya nyasi, nguo ya katani isiyopindwa, nywele hazijafungwa, bakuli la uji mwepesi mbele yake limeota utando. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alipoliona furushi, hakuuliza kilichomo.

"Ulipokuwa na miaka tisa," Dou alisema akiinama kuingia, "nilikunakilisha sheria za jumba mara hamsini kwa kupanda paa la jiko la dawa."

"Nilikuwa namfukuza njiwa."

"Na juzi?"

Anrui alitazama mikono yake. "Baba alikata roho usiku wa manane. Mvua ilikuwa kubwa. Mjomba akasema asilie mtu, asitoke mtu, asiitwe mpaka wosia uandikwe na mashahidi wapatikane. Nikamwambia roho haingoji. Akasema, kaka yako naye hangoji." Alikunja vidole. "Nilimshika Baba mkono mpaka ukapoa. Mvua ilipokatika nikachukua koti, nikatokea dirishani. Sikujua kama inafaa kumwita Baba badala ya jina. Kama roho haisikii hivyo, sijui. Jina sikuweza."

"Na mchana, wosia uliposomwa, ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuishi, Bi Dou." Aliinua uso. "Mjomba alisema Kaka ataniua siku atakayoingia. Nilimwamini kwa sababu niliogopa. Kaka hajawahi hata kunipiga kibao."

Nje, seremala wa jeneza alikuwa akijaribu msumari kwenye ubao, tok, tok, akaacha.

"Nitakayoyasema langoni unayajua," Dou alisema. "Na baada yake unajua kinacholetwa."

"Najua. Yaseme yote." Akasita. "Ila mwambie Kaka neno moja. Akisikia Baba alikufa usiku, atapiga hesabu mpaka jioni ya Towashi Hou, atafikiri Baba alizunguka kutwa nzima bila kuitwa. Asifikiri hivyo. Mwambie aliitwa."

Dou alitoka kinyumenyume, kama inavyotaka heshima. Alipofika nje alimwita seremala.

"Misumari yako isubiri neno langu. Si la Waziri, si la mtu mwingine. Langu."

*

Chengwu aliwasikiliza wazee wa baraza akiwa amesimama, chini ya tao la lango la kusini, kitambaa cha katani kimefungwa juu ya deraya yake ya chuma. Alikuwa na miaka ishirini na saba, uso wa jua na upepo, macho mekundu ya kutolala. Nyuma yake askari walijaa barabara mpaka upeo.

Dou alisema alichokuja kusema kama anavyosema siku zote, bila mapambo. Vigae vya upande wa mashariki, kilele, kona ya kaskazini-magharibi. Kuvumwani iliyochubuka ikiwa mbichi. Shahidi wa jikoni. Nguo ya kumi na tisa. "Mfalme aliitwa roho alfajiri ya siku ya saba," alimaliza. "Maiti hatamki wosia mchana. Wosia ni wa uongo. Uliandikwa na Waziri Luo. Mwanamfalme Anrui alijua, akanyamaza."

Kelele zililipuka barabarani. Nahodha Gao, mkono wa kulia wa Chengwu, alipiga ngao yake kwa upanga. "Leteni kamba! Leteni sinia!"

Chengwu aliinua mkono mmoja, kelele zikafa.

"Alikufa usiku," alisema. "Na Hou alimwita jioni." Midomo yake ilikuwa inahesabu. "Kwa hiyo baba yangu alikaa nje kutwa nzima, kama mbwa aliyefungiwa mlango, watu wakipigania kiti chake. Na mimi niko mtoni nakula samaki."

"Hapana, Mtukufu."

"Hapana nini? Nimesikia ulichosema."

"Umesikia. Hukusikiliza." Gao alishtuka, Dou hakumwangalia. "Nimesema aliitwa alfajiri. Waziri alikataza. Kuna aliyetoka dirishani, akapanda kwenye paa lenye utelezi, akijua kwamba akionwa, au siku moja nyayo zake zikisomwa, wosia umekufa na yeye pia. Alimwita mara tatu, kwa njia zote sawasawa, mashariki hadi kaskazini-magharibi. Kasoro moja tu. Hakutaja jina. Alimwita Baba."

Alifungua furushi.

Chengwu aliliangalia koti la buluu bila kuligusa. Kisha vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye pindo, kwenye uzi mwekundu, vikalifuata lile jeraha la kitambaa mwanzo hadi mwisho.

"Mimi ndiye niliyelichana," alisema. Hakuwa akimwambia mtu. "Mto ulipofurika. Baba alimfunga Anrui kifuani, ndani ya koti, alikuwa na miezi michache. Akaniambia, wewe ni mkubwa, shika pindo, usiachie. Maji yalifika hapa." Akagusa koo. "Nililishika mpaka likachanika. Sikuachia."

Upepo ulipita chini ya tao. Gao alikohoa.

"Mtukufu, sheria ya wosia wa uongo..."

"Sheria naijua, Gao. Waziri Luo mkamateni; yeye ndiye aliyemfungia mlango baba yangu, na baraza litamhukumu. Askari wasivuke kizingiti hiki, hata mmoja, hata akiwa na kiu."

"Na mdogo wako?"

"Mtu aliyemwita baba yangu arudi," Chengwu alisema, "sitamtuma amfuate."

Alifungua kamba za deraya mwenyewe, ikaanguka kwenye mawe. Upanga akamkabidhi Gao, ambaye aliushika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, hajui alie au acheke.

*

Dou alimtangulia hadi kibandani, akasimama pembeni ya mlango.

Anrui alikuwa amesikia hatua. Alikuwa amepiga magoti akiukabili ukuta wa nyasi, na alikuwa ameshalegeza kola yake ya katani ili shingo iwe wazi, asimsumbue mwenye kamba. Mgongo wake ulikuwa umenyooka.

Chengwu aliinama, akaingia kwa shida kupitia mlango ule mfupi. Aliiona kola.

"Kaka, kama ni wewe mwenyewe, harakisha."

"Ulimwita mara ngapi?"

Anrui hakugeuka. "Tatu."

"Ukasikia nini?"

"Hakuna kitu. Njiwa tu."

Chengwu alitazama bakuli la uji ulioota utando, nyasi chache zilizotandikwa kwa mtu mmoja, nywele za mdogo wake zilizojaa makapi. Akairudisha ile kola ya katani mahali pake, akaifunga.

"Sogea," alisema, akakaa kwenye nyasi.

Nje, seremala alimkazia macho Dou, nyundo mkononi. Dou alitikisa kichwa. Bado, mpaka watoke wote wawili.